Ng'ombe Watatu wa Bi Tupokigwe

Ng'ombe wa Ambilikile Mwakyoma walianza kufa Jumatatu asubuhi, na hadi Dkt. Subilaga Mwasandube anafika na sanduku lake la vifaa, saba walikuwa wamelala ubavu nyuma ya zizi. Walikuwa wanono. Manyoya yao yaling'aa. Kola za shingoni zilizopima joto la mwili zilikuwa bado zinawaka taa nyekundu, maana hakuna aliyekumbuka kuzizima.

“Jana jioni nimewakamua kama kawaida,” Ambilikile alisema. Alikuwa mfugaji wa makamo, mwenye zizi kubwa kuliko yote pale Kibumbe, na muda wote aliongea akiitazama mikono ya daktari badala ya uso wake. “Alfajiri kola zikaanza kupiga kelele. Nikadhani zimeharibika. Mlinzi si yumo ndani yao, daktari? Wote wana Mlinzi.”

Subilaga alivaa glavu, akapiga magoti kwenye majani, akampasua kifua yule aliyekuwa karibu. Mapafu yalikuwa mazito na mekundu kama ini. Alichota ute wa koromeo kwa kijiti cha pamba, akaupaka kwenye kioo cha mtambo wake wa mkononi, akasubiri. Baada ya dakika nne mtambo ulimpa majibu mawili ambayo hayakupaswa kukaa pamoja. Mlinzi alikuwemo, mamilioni kwa mamilioni. Na bakteria wa homa ya mapafu nao walikuwemo, wengi kuliko yeye.

“Yumo,” alisema hatimaye. “Ila hawaumi bakteria.”

“Hawaumi namna gani?”

“Bakteria wamebadilisha mlango. Mlinzi anafika, anabisha, hakuna pa kuingilia.”

Ambilikile alielewa. Wafugaji wote wa milima ya Rungwe walilielewa jambo hilo, kwa sababu Subilaga mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Miaka kumi na sita nyuma, dawa za kuua bakteria zilipokwisha nguvu duniani kote na ng'ombe wakaanza kufa kwa vidonda vya kwato na kikohozi cha kawaida, Kituo cha Kinga ya Mifugo kilitengeneza kirusi kisichodhuru mnyama wala mtu. Kazi yake ilikuwa moja: kuwavamia bakteria na kuwapasua. Virusi wa aina hiyo huitwa faji, na wamekuwepo tangu dunia iumbwe, kwenye udongo, kwenye mito, matumboni mwa kila kiumbe. Wengine hupenda kunasa kwenye ute, ule utelezi unaotanda puani, kooni na tumboni, wakakaa humo wakivizia. Mnyama hawatengenezi yeye, lakini wanamlinda. Ni kinga aliyoazimwa. Kituo kilichagua faji mmoja, kikamnoa, kikampa uwezo wa kung'ang'ania ute wa ng'ombe kuliko faji wengine wote, kikamwita Mlinzi. Ndama alipewa matone matatu pamoja na dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, na faji akaishi ndani yake mpaka mwisho wa uhai wake.

Wakati ule Subilaga alikuwa na miaka ishirini na sita. Alipanda milima hiyo kwa miguu akiwa na mkebe wa matone begani, na alijisikia kama mtu anayegawa uhai.

“Sasa nifanye nini?” Ambilikile aliuliza.

“Waliobaki usiwatoe. Usipokee mtu wala mnyama.” Alisimama, akavua glavu. “Nitakupigia.”

Kati ya ng'ombe wakubwa arobaini na wawili, Jumanne jioni walikuwa wamebaki sita.

*

Jumatano, kwenye chumba cha mikutano cha Kituo, Subilaga aliweka matokeo ya damu mbele ya mkurugenzi wake, Dkt. Rwegoshora. Huyu alikuwa Mhaya mwembamba, mwenye mazoea ya kusoma kila karatasi mara mbili kabla ya kusema neno. Aliisoma mara mbili.

“Hakuna kingamwili,” alisema.

“Hakuna kabisa. Nimepima ndama thelathini kutoka vijiji vitano. Damu yao haijui bakteria hata mmoja wa mapafu. Mlinzi aliwamaliza wote huko mlangoni, mwaka baada ya mwaka, na mwili haukuwahi kuona adui. Sasa adui kapita, na ndani hakuna askari anayemfahamu.”

“Na faji tulionao kwenye majokofu?”

“Wako wanne wanaowapasua bakteria wapya. Kwenye sahani ya maabara wanawafagia kwa saa mbili. Nimewatia ndani ya ng'ombe watatu wa Kituo. Kufikia asubuhi faji wote wameshafutwa. Kinga ya ng'ombe inawaona wageni, inawakamata, inawatupa nje.” Aliketi. “Tunahitaji faji ambaye mwili wa ng'ombe umeshamzoea, na ambaye amepigana na bakteria hawa humo humo ndani ya ute, ng'ombe akiwa hai na kinga yake inafanya kazi. Wapigane pamoja. Hilo siwezi kulitengeneza kwenye sahani.”

“Ng'ombe mwenye faji wa asili.”

“Ndiyo. Asiye na Mlinzi.”

Wote wawili walijua ni nani. Katika wilaya nzima lilibaki zizi moja. Lilikuwa juu kabisa Ilundo, ambako barabara inaisha na misitu inaanza, na mwenyewe alikuwa mjane aitwaye Tupokigwe Mwalwisi. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Kwenye daftari la kampeni, miaka kumi na sita iliyopita, mbele ya jina lake palikuwa na neno moja kwa mwandiko wa Subilaga: *mkaidi*.

Rwegoshora alifungua jokofu dogo la ukutani, akatoa chupa isiyozidi kidole gumba. Ndani yake mlikuwa na maji yaliyofifia kama ya kuoshea mchele.

“Bakteria wa Kibumbe,” alisema. “Sheria inanitaka niombe amri ya baraza ili nitumie mifugo ya mtu kwa majaribio. Siku kumi na nne. Kwa mwendo huu, kabla ya mwezi mmoja bonde lote litakuwa limekwisha. Ng'ombe elfu tisa.” Akaiweka chupa mezani, akaisogeza kwa kidole. “Kesho utapanda Ilundo kuchukua ute puani. Hilo huhitaji amri, ni ukaguzi wa kawaida. Kijiti ni kijiti, Subilaga. Ukikichovya humu kabla ya kukiingiza puani, nani atajua? Ugonjwa uko hewani. Ng'ombe wake wataugua kama wa wengine. Baadhi watapona, na hao waliopona ndio wenye dawa yetu.”

“Na yeye tutamwambia nini?”

“Pole.” Hakulisema kwa kejeli. Alionekana mtu ambaye hajalala siku mbili. “Jambo hili nalibeba mimi. Wewe nimekutuma.”

Subilaga aliichukua chupa.

*

Bi Tupokigwe alimpokea langoni akiwa na ndoo ya maji mkononi. Alikuwa na miaka sabini na ushee, mfupi, mgongo umenyooka. Alimtambua mara moja.

“Wewe ndiye yule binti wa matone,” alisema. “Umenenepa. Vizuri. Karibu, mwanangu.”

“Ahsante, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba. Nasikia huko chini wanakufa.”

“Wanakufa, bibi. Nimekuja kuchukua ute wa ng'ombe wako, nikaupime.”

“Ute tu?”

“Ute,” Subilaga alisema, na uso ukamwaka moto.

Waliingia zizini pamoja. Ng'ombe wa Bi Tupokigwe hawakufanana na wa bondeni. Walikuwa wadogo, wengine na makovu, na ndama mmoja aliyesimama karibu na ukuta alikuwa na kamasi mpaka mdomoni. Alipiga chafya, akajilamba, akaendelea kutafuna.

“Ndiyo maana nilikataa yale matone yenu,” Bi Tupokigwe alisema, akimkuna ndama huyo kichwani. “Ulinipeleka kuona ndama wa jirani, unakumbuka? Walikuwa wasafi kama sahani. Ndama asiyepiga chafya mimi namwogopa. Nilikuambia, ukacheka.”

“Nakumbuka.”

Alianza kazi. Ng'ombe wa kwanza, kijiti safi, puani, kwenye bomba, kifuniko. Wa pili hivyo hivyo. Chupa ilikuwa kwenye mfuko wa koti, kushoto, na aliisikia kila alipoinama. Bi Tupokigwe alimshikia kila ng'ombe kichwa na kumsemesha kwa Kinyakyusa, polepole, kama anayemwogesha mtoto. Walipofika kwa wa tatu, jike mzee wa rangi ya kijivu aliyeitwa Mawingu, bibi aligeuka kwenda kuongeza maji kwenye birika. Alimpa mgongo kwa muda wa kutosha.

Subilaga alitoa chupa. Alizungusha kifuniko nusu mzunguko. Aliwaza ng'ombe elfu tisa, na akamwaza Ambilikile akitazama mikono yake. Kifuniko kilizunguka bila ugumu, na hilo ndilo lililomtisha: kwamba ingekuwa rahisi kiasi hicho.

Alikaza kifuniko.

“Bibi,” aliita. “Njoo uketi kidogo. Kuna jambo.”

Alimwambia yote, tangu damu ya ndama hadi chupa. Hakumtaja Rwegoshora, alisema “tulipanga.” Bi Tupokigwe alisikiliza akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Daktari alipomaliza, alinyoosha mkono akaiomba chupa, akaitazama dhidi ya mwanga, akamrudishia.

“Wangekufa wangapi?”

“Sijui. Labda nusu. Labda wote.”

“Na mimi ungekuja kunipa pole.”

“Ndiyo.”

“Ungekunywa na chai yangu.”

Subilaga aliirudisha chupa mfukoni.

“Miaka kumi na sita mmeniita mshamba,” bibi alisema. Hakupaza sauti. “Kwenye mikutano sikualikwa. Maziwa yangu mlisema si salama, nikayanywa mwenyewe. Leo hao wasafi wanakufa ndipo wa kwangu wamekuwa dawa. Na bado hamkuja kuniomba, mmekuja kuniibia.” Aliinuka. “Chukua ute wako uende. Hiyo chupa usirudi nayo hapa.”

Alimsindikiza hadi langoni, maana mgeni ni mgeni, kisha akafunga komeo, na Subilaga akasikia mnyororo ukipitishwa.

*

“Sasa anajua,” Rwegoshora alisema jioni ile, chupa ikiwa imejaa mbele yake. “Hata nikimtuma mwingine, hatafungua.”

“Hatafungua.”

“Ulijua hivyo ulipomwambia?”

“Nilijua.”

Mkurugenzi hakumfokea. Alivuta karatasi, akaanza kuandika maombi ya amri ya baraza, ile ya siku kumi na nne.

Ijumaa walikufa mia moja na sitini. Jumamosi idadi ilipita hiyo. Ute kutoka Ilundo ulikuwa na faji wa aina nyingi, zaidi ya mia mbili, wengine wasio na majina katika orodha yoyote. Subilaga aliwachanganya na bakteria wa Kibumbe kwenye sahani, akaona matundu madogo meupe machache, kama sindano imechoma. Palikuwa na faji humo waliojaribu kuwauma bakteria wapya, lakini walikuwa dhaifu. Walihitaji kupigana vizazi na vizazi ndani ya pua ya ng'ombe mgonjwa, na askari wa damu wakiwasaidia upande wa pili. Alifanya kazi bila kupumzika. Kila baada ya saa kadhaa ndege ndogo isiyo na rubani ilitua uani na vichupa vya damu kutoka kijiji kingine, naye alivipokea na kuandika.

Hakujutia, na hakuwa na amani. Alijua hesabu. Kila siku iliyopita ilikuwa na idadi yake, na idadi hiyo ilikuwa yake.

Jumapili, saa nne asubuhi, mlinzi wa geti alimpigia simu. “Daktari, kuna bibi hapa na ng'ombe. Namwambia karantini, hanisikii.”

Bi Tupokigwe alikuwa amesimama barabarani, kanga kichwani, viatu mkononi. Nyuma yake walikuwa ng'ombe watatu wamefungwa kamba moja: Mawingu, jike wa makamo mwenye pembe iliyokatika, na mtamba mwekundu. Alikuwa ameondoka Ilundo jana yake.

“Nimepitia Kibumbe,” alisema kabla hajasalimiwa. “Nilitaka kuona kwa macho yangu. Nimekuta wanafukia kwa mashine. Nimemkuta mama mmoja amekaa katikati ya zizi tupu, amekaa tu.” Aliikaza kamba mkononi. “Sikuja kwa ajili ya Kituo chenu.”

“Najua, bibi.”

“Na sikukupa zizi. Nimekupa watatu. Nimewachagua mimi. Hawa waliugua mapafu walipokuwa ndama, vibaya, nikadhani nawazika, wakapona wenyewe. Wengine hawakuwahi. Kama kuna kitu unachotafuta, kimo ndani ya hawa.”

Subilaga aliipokea kamba. “Ndaga fijo,” alimshukuru kwa lugha ya nyumbani, Kinyakyusa.

“Usinishukuru bado. Ile chupa iko wapi?”

Waliwaingiza kwenye banda la karantini. Subilaga alichovya kijiti, na bibi akanyoosha mkono.

“Nipe. Wamenizoea mimi. Wewe utawashtua.”

Akafanya mwenyewe, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, akiwasemesha.

*

Mtamba alikufa siku ya tatu. Jike wa pembe iliyokatika alivumilia hadi siku ya tano. Asubuhi alionekana amepata nafuu, akanywa maji, na mchana akaanguka. Bi Tupokigwe hakuondoka. Alilala chumba cha wageni cha Kituo na kila kulipokucha alikuwa bandani, amevaa koti jeupe alilopewa, mikono ya koti imekunjwa mara tatu.

Mawingu alikohoa siku nane. Kola aliyovishwa Kituoni ilionyesha homa ikipanda, ikishuka, ikipanda tena. Kila asubuhi Subilaga alichukua ute na damu. Siku ya sita, kwenye sahani, yale matundu ya sindano yalikuwa makubwa kama punje za ulezi. Siku ya saba yalikuwa kama shilingi. Na katika damu, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie bondeni, aliona kingamwili zilizowajua bakteria wapya na kumwacha faji apite.

“Wanasaidiana,” alimweleza bibi, akimwonyesha picha kwenye kioo. “Faji anawapunguza, damu inawamalizia. Peke yake faji angeshindwa, na damu peke yake ingeshindwa.”

Bi Tupokigwe aliitazama picha kwa adabu, kisha akamtazama Mawingu, aliyekuwa amesimama na kula majani kidogo kidogo.

“Huyu amekonda sana,” alisema. “Kesho nampeleka nyumbani.”

“Bibi, bado siku—”

“Hizo siku atazimalizia nyumbani.” Akamgeukia Subilaga: “Nisikilize, mwanangu. Msichukue faji huyu mmoja mkamfanya Mlinzi mwingine. Mkimpa ndama, mchanganye na wa mama yake, wa jirani, wa msituni. Na muwaache waugue kidogo.”

“Wengine watakufa wakiugua kidogo.”

“Ndiyo. Wangu hufa kila mwaka, mmoja, wawili. Ulidhani nimekaa nao bila kulia?”

Subilaga aliliandika pendekezo hilo kwenye taarifa yake, kwa jina la Tupokigwe Mwalwisi. Katika taarifa hiyo hiyo aliandika habari za Alhamisi: chupa, nusu mzunguko wa kifuniko, na idadi ya ng'ombe waliokufa kuanzia siku ile hadi Jumapili. Walikuwa mia tano na kumi na mbili. Rwegoshora aliisoma mara mbili. Alichukua kalamu, akaongeza mstari mmoja chini, kwamba aliyetoa chupa ni yeye, akasaini.

*

Taarifa ilisomwa hadharani kwenye baraza la wafugaji, na Kibumbe walikuwepo. Wiki iliyofuata Subilaga alishuka huko na mkebe wa faji wapya. Ambilikile Mwakyoma alikuwa amebakiwa na ndama mmoja tu, jike wa miezi mitatu. Wale sita wa mwisho walikuwa wamekufa Ijumaa na Jumamosi.

Alimkuta ameketi juu ya ukuta wa zizi.

“Wamesoma kwamba Alhamisi ulikuwa na chupa mkononi,” alisema.

“Ndiyo.”

“Alhamisi mimi nilikuwa na ng'ombe sita.”

“Najua.”

“Ungeifungua, hao sita wangepona?”

Subilaga alikuwa amejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na alikuwa amelipigia hesabu kwa kila njia aliyoijua. “Sita hapana,” alisema. “Dawa isingewahi. Lakini ingefika siku tatu mapema, na kwa majirani zako wangepona kama mia tano kwa jumla.”

Ambilikile alitazama chini.

“Mimi ningetaka uifungue,” alisema. “Sikufichi. Nikikaa hapa peke yangu nataka ungeifungua.” Alishuka ukutani. “Lakini wangekuwa ng'ombe wangu kule juu, halafu nije nijue, ningekutafuta na panga.”

“Yote mawili nayasikia.”

“Basi yasikie.”

Alikwenda kumleta ndama. Ndama huyo alikuwa mwoga, akikanyaga kwa kujivuta, akinusa kila kitu. Subilaga alipiga magoti, akafungua mkebe.

“Atakohoa,” alisema. “Faji hawa watawaacha bakteria wachache wapite, ili damu yake iwajue. Wiki nzima, labda zaidi. Usiku na mchana. Anaweza asipone, Ambilikile. Hilo nakuambia kabla sijampa. Ukisema hapana, naondoka.”

Mfugaji alisimama akishikilia kamba. Zizi lilikuwa limefagiliwa safi, na harufu ya chokaa ilikuwa bado kali. Kisha alichuchumaa, akapitisha mkono chini ya taya la ndama, akamwinua kichwa.

“Mpe,” alisema.